Cheti cha uongozi cha mtandaoni: nani atakisoma?

*Swali: Nina miaka 38 na shahada ya kwanza ya biashara. Kwa miaka minane nimekuwa meneja wa usambazaji katika kampuni ya ukubwa wa kati. Nafasi ya ukurugenzi imenipita mara mbili, na mara zote ilichukuliwa na mtu mwenye MBA (shahada ya uzamili ya biashara). Hivi karibuni nilijaza fomu kwenye tovuti ya chuo kikuu kimoja chenye jina kubwa, nikiulizia programu yao ya cheti cha uongozi wa kimkakati kwa watendaji: miezi sita, yote mtandaoni, saa nne hadi sita kwa wiki. Tangu siku hiyo simu haziishi. Naambiwa nimechaguliwa, kuna punguzo nikilipa kabla ya Ijumaa, na nikimaliza nitahesabiwa miongoni mwa wahitimu wao. Ada ni sawa na mishahara yangu mitatu. Mwajiri yuko tayari kulipa nusu nikisaini kubaki miaka miwili. Mwenzangu nyumbani anasema ninanunua karatasi. Je, cheti hiki kina thamani, au nijikusanye nisome MBA?*

Ndugu msomaji, umeuliza swali moja lakini ndani yake mna mawili, na nadhani ndiyo sababu wewe na mwenzako hamwelewani. La kwanza ni kama kozi yenyewe ina cha kukufundisha. La pili ni kama karatasi utakayopewa itakusogeza kwenye kiti kilichokupita mara mbili. La kwanza jibu lake mara nyingi ni ndiyo. La pili linategemea nani ataisoma karatasi hiyo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Lakini kwanza tuziweke kando zile kauli za kwenye simu, maana zinakutia haraka isiyo na sababu.

Anayekupigia, kwa kawaida, si mtumishi wa chuo. Vyuo vingi vyenye jina huendesha kozi hizi kwa ubia na kampuni za elimu ya mtandaoni. GetSmarter, iliyoanzia Cape Town, imetengeneza kozi fupi zenye nembo za vyuo kama Oxford na MIT. Emeritus imefanya hivyo na Columbia na Wharton. GetSmarter ilinunuliwa mwaka 2017 na kampuni ya Marekani iitwayo 2U, ambayo mwaka 2021 ikainunua pia edX, jukwaa lililoanzishwa na Harvard na MIT, kwa dola milioni 800. Mwaka 2024 2U hiyohiyo ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Sikuelezi haya ili uichukie kozi. Nataka uione biashara iliyo nyuma yake. Katika ubia wa namna hii, chuo hutoa jina, mtaala na wahadhiri. Kampuni hurekodi vipindi, huweka wasimamizi wa madarasa na hutafuta wanafunzi, kisha ada hugawanywa. Fungu la kampuni si dogo, mara nyingine hupita nusu, na sehemu yake nzuri huishia kwenye matangazo na simu. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hiki kina kikosi kizima cha kukiuza. Kinaweza kuwa kizuri vilevile, ila wewe usimchukulie mwuzaji kuwa mshauri.

“Umechaguliwa” lina maana nyepesi kuliko linavyosikika. Kozi nyingi za aina hii hazina mtihani wa kuingia wala ushindani wa nafasi. Wanatazama kama una miaka kadhaa ya kazi, kama lugha ya kufundishia unaimudu, na kama ada utailipa. Punguzo la Ijumaa nalo usilikimbilie, kwa sababu madarasa mapya hufunguliwa mara kadhaa kwa mwaka na punguzo huja pamoja nayo. Mwambie akuandikie barua pepe yenye ada kamili, tarehe za madarasa mawili yajayo, na masharti ya kurudishiwa fedha ukijitoa. Jibu lake litakufundisha mengi.

Habari ya kuhesabiwa mhitimu inataka uangalifu zaidi. Zipo programu chache, ndefu na za gharama kubwa, zinazotoa hadhi hiyo kweli. Advanced Management Program ya Harvard Business School ni mojawapo. Kozi fupi za mtandaoni kwa kawaida hutoa cheti cha kumaliza, pengine na nafasi katika kundi la mtandaoni la waliosoma kozi hizo. Kati ya kundi hilo na jumuiya ya wahitimu wa chuo kuna umbali. Ukitaka uhakika, usiulize kwenye simu hiyo. Iandikie ofisi ya wahitimu ya chuo chenyewe, uwatajie jina la programu.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia ndani: je, cheti hiki kitakupunguzia masomo ukija kusoma MBA? Vyeti vya vyuo havilingani hata kidogo. Uingereza cheti cha uzamili kina krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, kwa hiyo ni saa 600, theluthi ya shahada ya uzamili yenye krediti 180. Uswisi wana cheti cha masomo ya juu, CAS, ambacho hakipungui krediti 10 za mfumo wa Ulaya, yaani saa 250 hadi 300. Sasa piga hesabu ya chako: wiki 26 kwa saa nne hadi sita ni kati ya saa 104 na 156. Nyingi za kozi hizi hazina krediti kabisa. Kama hazina, hakuna cha kuhamishia kwenye shahada, hata chuo kikiwa kilekile. Neno la kuwauliza ni moja: “Cheti hiki kina krediti ngapi, na zinatambuliwa katika shahada ipi?” Wakianza kuzunguka, basi hazipo.

Turudi kwenye karatasi yenyewe. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence aliandika makala iliyomfikisha kwenye tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Alijiuliza kwa nini mwajiri aithamini shahada hata pale ambapo kilichosomwa hakihusiani sana na kazi. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba mwajiri hawezi kuuona uwezo wa mtu asiyemjua, kwa hiyo hutafuta ishara. Ishara huaminika pale tu inapokuwa ngumu kupatikana kwa yule asiye na uwezo. Shahada inayomtaka mtu ashindane kuingia, afaulu mitihani kwa miaka na asikate tamaa, inamchuja. Cheti ambacho kila aliyelipa na kukamilisha kazi zake atakipata hakichuji sana. Huenda umejifunza mengi kuliko yule wa MBA, lakini mtu anayesoma rundo la wasifu 200 hana namna ya kulijua hilo kutokana na karatasi.

Ndiyo maana naona watu wengi wanasikitika baada ya kozi hizi. Wameinunua ishara wakidhani itazungumza na wageni, yaani waajiri wapya, mawakala wa ajira na kamati za usaili ambazo hazijawahi kuwaona. Kwa wageni hao cheti cha miezi sita hunong'ona tu. Kinaweza kumvuta mtu aulize swali moja zaidi kwenye usaili. Kukufanya upite pale palipoandikwa “shahada ya uzamili ni lazima”, hakiwezi.

Ukiitazama historia, hata hakikukusudiwa kufanya hivyo. Programu ile ya Harvard niliyoitaja ilianza mwaka 1945, ikichipuka kutokana na mafunzo ya wakati wa vita ya kuwaandaa wafanyabiashara kusimamia uzalishaji wa kijeshi. Waliokuja darasani walikuwa na vyeo tayari, wengi wametumwa na kampuni zao, na waliporudi kazi ziliwangoja. Hawakwenda hasa kutafuta cheti cha kuombea kazi. Mtandao ulipoifanya elimu hiyo iuzwe kwa maelfu kwa mkupuo, jina lilibaki lilelile, lakini kile kiti kinachomngoja mtu akirudi hakikuja pamoja na kifurushi.

Hapo ndipo ninapoona mwenzako ana nusu tu ya ukweli. Mbele ya wageni, ni kweli karatasi ni karatasi. Mbele ya watu wanaokujua tayari, mambo hubadilika. Mkurugenzi mkuu wako ameiona kazi yako kwa miaka minane, hahitaji ishara kwamba una akili. Huenda anachokikosa ni ushahidi kwamba unaweza kufikiri nje ya maghala na magari, kwamba ukikalishwa na mkurugenzi wa fedha utamwelewa na kumpinga kwa hesabu. Kozi ikikupa lugha hiyo, na ukaitumia akiwa anaona, imelipa. Hata cheti hakuna atakayekiomba.

Kwa hiyo kabla ya kuijibu simu yoyote, nenda kamwulize bosi wako swali ambalo nashangaa jinsi watu wanavyolikwepa: “Mara mbili nafasi imenipita. Ni nini hasa kilipungua?” Usitaje kozi. Msikilize tu. Akisema bodi inataka shahada ya uzamili kwa cheo hicho, umepata jibu, na cheti cha miezi sita hakitalibadilisha. Akisema hawajakuona ukisimamia bajeti, au ukiongoza mradi unaogusa idara nyingine, basi tatizo haliko kwenye elimu yako. Unachohitaji ni kazi ya kukupima, na kozi itafaa kama msaada wa kazi hiyo. Akijikanyaga asiweze kusema lolote, inawezekana kabisa kwamba hapo hupandi hata ukileta shahada mbili, na kujifunga miaka miwili zaidi kungekuwa kosa kubwa kuliko ada.

Sasa kuhusu kujifunza kwenyewe, maana hili watu hulipita haraka. Video za maprofesa utakazoziangalia zimerekodiwa, pengine miaka kadhaa iliyopita. Maswali yako yatajibiwa zaidi na wasimamizi wa darasa, na kazi zako huenda zikasahihishwa nao au na wanafunzi wenzako. Wengine huona wamedanganywa. Mimi naona haidhuru sana, mradi msimamizi ni mtu aliyewahi kufanya kazi unayoisomea, na mradi kazi mnazopewa zinakutaka utumie takwimu za kampuni yako badala ya kisa cha kampuni ya mbali. Omba uone mfano wa kazi ya wiki moja. Ukikuta ni maswali ya kuchagua A, B au C baada ya video, ujue mambo hayohayo unaweza kuyapata bure au kwa fedha kidogo sana.

Nami siisemi “bure” kwa wepesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, uliotazama kozi za wazi za Harvard na MIT kwenye edX, ulikuta kwamba kati ya wote waliojiandikisha, waliomaliza hawakufika hata sita katika kila 100. Miongoni mwa waliolipia cheti, karibu nusu walimaliza. Fedha peke yake haimfanyi mtu awe mwanafunzi, kwani anayelipa mara nyingi ndiye aliyekuwa na nia tangu mwanzo. Hata hivyo ratiba, tarehe za mwisho na mtu wa kukuuliza umefikia wapi vina uzito. Sehemu kubwa ya unachokilipia ni kusukumwa. Kama unajijua kwamba kitabu ukikinunua Jumamosi kinalala mezani mwezi mzima, basi kusukumwa huko ni bidhaa halali kabisa. Kama ni mtu wa kujisomea, unalipia usichokihitaji.

Hata ukimaliza, bado kuna mtihani mwingine. Mwaka 1988 Timothy Baldwin na Kevin Ford walikusanya tafiti kuhusu kwa nini mafunzo mengi hayafiki kazini, wakaonyesha kwamba mambo yanayoamua ni matatu: mwanafunzi mwenyewe, jinsi mafunzo yalivyopangwa, na mazingira anayorudi, hasa kama mkubwa wake anamuunga mkono na kama anapata nafasi ya kutumia alichojifunza. Ndiyo maana nasisitiza kiti kinachokungoja. Ukiweza kumwambia mwajiri, “Sawa, nitasoma, lakini kuanzia mwezi wa tatu nipeni mradi wa kupanga upya gharama za usambazaji, niwasilishe matokeo kwa menejimenti,” umeibadilisha kozi nzima. Akikubali kulipa ada lakini akakataa kutoa mradi, mimi ningesita.

Njia nyingine unazo. MBA ya muda wa jioni au ya mtandaoni yenye ithibati ni mzigo mzito: miaka miwili au zaidi, na fedha nyingi. Lakini inazungumza na wageni. Kama bosi atakuambia shahada ndiyo kikwazo, au kama moyoni umeshaamua kuhama kampuni, hiyo ndiyo njia, na mishahara mitatu ya cheti ni bora iingie kwenye ada yake. Ila usiisome kwa sababu tu waliokupita walikuwa nayo. Wawili si wengi, na pengine walikuwa na sifa nyingine ambazo hukuziona.

Kwa mtu wa usambazaji kuna njia ya tatu ambayo naona hukuitaja. Vyeti vya bodi za taaluma, kama vile vya ASCM kwa ugavi au CIPS kwa ununuzi, vina mitihani ambayo mtu anaweza kufeli. Kwa hoja ile ya Spence, kule kufeli ndiko kunakovipa uzito, na matangazo ya kazi za ugavi huvitaja kwa jina. MIT nayo ina MicroMasters, yaani mfululizo wa kozi za ngazi ya uzamili, ya usimamizi wa ugavi, mtandaoni, yenye mitihani inayosimamiwa. Anayeifaulu anaweza kuomba nafasi ya shahada ya uzamili pale MIT au katika vyuo vingine vinavyoitambua, na akipokewa, aliyoyasoma yanahesabiwa. Si rahisi, hesabu na takwimu zimo za kutosha. Lakini ukitaka kitu cha mtandaoni kinachobaki mkononi hata ukibadili kampuni, hapo ningetazama kwanza.

Ungeniambia wewe ni mhandisi au daktari uliyepandishwa cheo bila kuwahi kugusa taarifa ya fedha, ningekuwa mwepesi zaidi kukusukuma kwenye cheti cha watendaji, kwa sababu kingeziba pengo halisi kwa haraka. Wewe una shahada ya biashara. Nusu ya moduli utakuwa ulikwisha kuzisoma, ingawa sikatai kwamba zinasomeka tofauti baada ya miaka ya kazi.

Ukiamua kuisoma, kwenye wasifu iweke chini ya mafunzo ya kitaaluma, uandike jina kamili la programu, mwaka na idadi ya saa. Usiiweke sehemu ya elimu pembeni ya shahada yako, na usijitaje LinkedIn kana kwamba ulisoma chuoni hapo. Wanaoajiri wanavijua vyeti hivi vizuri. Anayekuta jina kubwa limepanuliwa kuliko ukweli huanza kutilia shaka na yale uliyoyaandika kwa uaminifu. Chini yake ongeza mstari mmoja wa ulichokifanya kwa maarifa hayo, ukiwa nacho. Mstari huo husomwa kuliko nembo.

Limebaki la mkataba, na hili sitaki ulimalize kwa kusoma majibu ya watu kama mimi. Kujifunga miaka miwili kwa nusu ya ada kunaweza kuwa sawa au kuwa mtego, kutegemea vifungu. Je, deni linapungua kadiri unavyofanya kazi, ili ukiondoka baada ya miezi 12 ulipe nusu ya walichokutolea, au unadaiwa chote hadi siku ya mwisho? Miaka miwili inahesabiwa tangu kusaini au tangu kumaliza kozi? Ukipunguzwa kazi na wao wenyewe, unadaiwa? Wakikata deni kwenye mshahara wa mwisho, sheria ya kazi ya kwenu inaruhusu kiasi gani? Ofisa rasilimali watu atakujibu vizuri, ila yeye anamwakilisha mwajiri. Ipeleke rasimu kwa mwanasheria wa kazi au kwa chama cha wafanyakazi, ukae naye ana kwa ana, kabla hujasaini. Na kama nusu yako ungeitoa kwenye mkopo, fika pia kwa mtu wa benki au chama chenu cha akiba na mikopo akuonyeshe jumla utakayorudisha pamoja na riba, kisha keti na mwenzako mkiwa na karatasi hiyo mezani. Programu ikizidi mfuko wenu, hakuna ubaya kuliacha darasa hili lipite na kwanza kuuomba ule mradi, ambao hauna ada.